DSO138: osiloskopu ya bei rahisi, na pale inapokudanganya

DSO138 ya JYE Tech ni osiloskopu (kifaa kinachochora jinsi volti zinavyobadilika kwa muda) ya kujiungia mwenyewe: ubao mmoja, skrini ya inchi 2.4, chipu ya STM32 na waya mmoja wenye klipu mbili. Inaahidi sampuli (vipimo vya volti) milioni 1 kwa sekunde, biti 12, na masafa hadi kHz 200. Kwa anayejifunza mapigo ya PWM (ambayo upana wake ndio hubadilishwa), ya mota za servo au ya rimoti, inatosha kabisa. Shida ni kwamba hizo sampuli milioni moja huzipati kila wakati, na skrini haikwambii zimepungua.

Tuanze na uungaji. Chukua ile ambayo chipu ndogo zimeshachomewa kiwandani. Rezista zipime moja moja kwa mita, maana rangi za hizi za buluu zinachanganya hata mzoefu. Hatari kubwa ni vidhibiti volti 78L05 na 79L05: umbo ni lile lile, lakini moja inatoa volti +5 na nyingine −5. Ukizibadilisha nafasi, upande wa analogi haufanyi kazi. Soma maandishi yake kwa lenzi kabla ya kugusisha risasi.

Kabla ya kupachika skrini, washa kwa volti 9 (usizidi 10) na upime nukta ya TP22 ubaoni. Ukipata 3.3, zima, kisha unganisha pengo la JP4 kwa tone la risasi. Adapta za bei ya chee huleta manyoya kwenye mstari. Betri ya volti 9 itakuonyesha kama kelele ni ya adapta au ya kazi yako ya kuchomea.

Halafu trima (kapasita za kurekebisha, C4 na C6), hatua ambayo wengi huiruka. Shika klipu nyekundu kwenye sehemu ya mawimbi ya majaribio ya kHz 1. Swichi za unyeti zikiwa 0.1V na X5, zungusha C4. Zikiwa 1V na X1, zungusha C6. Kona ya wimbi la mraba ikiwa ya mviringo au ikichomoza pembe, bado. Usiporekebisha, kila pigo utakaloliona baadaye litakuwa na umbo la uongo.

Kwa PWM, ubao wa Arduino Uno ni chanzo kizuri. Pini 9 hutoa takriban Hz 490, na amri ya analogWrite ya 64 (kati ya 255) humaanisha pigo liko juu asilimia 25 ya muda. Muda kwa kisanduku ukiwa umechaguliwa, shikilia OK kwa sekunde chache, vipimo vitatokea pembeni. Swichi ya AC/DC/GND iwe DC: kwenye AC wimbi zima hupanda na kushuka kila unapobadilisha upana wa pigo, ukadhani volti ndiyo iliyobadilika.

Sasa kwenye uongo wenyewe. Kwenye kasi za polepole za kuchora (muda mrefu kwa kila kisanduku), kifaa huchukua sampuli takriban 25 kwa kila kisanduku cha skrini. Ukiweka ms 50 kwa kisanduku, umebaki na sampuli 500 tu kwa sekunde. Hamishia waya pini 5, inayotoa karibu Hz 977, uache mpangilio huo huo. Utaona mraba safi wa Hz 20 na ushee! Hauna kasoro yoyote, na haupo. Sampuli 500 kwa sekunde haziwezi kubeba kitu kinachozidi Hz 250, na hapa hakuna kichujio cha kuzuia cha juu kisiingie. Dawa: anza kila mara na kasi ya juu kisha shuka. Masafa yakibadilika kwa kugeuza kasi tu, unachokiona ni mzuka.

Rimoti za mfumo wa NEC nazo ni somo tamu. Pima kwenye pini ya kutokea ya kipokezi cha kHz 38, triga (kinachoanzisha uchoraji) ya Normal kwenye ukingo wa kushuka, kwa sababu pini hiyo hukaa juu ikitulia. Kwa ms 2 kwa kisanduku utaona ms 9 chini, ms 4.5 juu, halafu biti. Mapigo ya biti yote yana upana mmoja, takriban ms 0.56, ni nafasi baada ya pigo inayosema sifuri au moja. Ukitaka kuona ujumbe wote kwa ms 5, kila pigo linabaki na sampuli mbili tatu, na upana huo hauaminiki tena.

PWM ya kHz 31 inaonekana pia, ila mzunguko mzima una sampuli kama 32 tu, hivyo asilimia ya upana hubahatisha kwa takriban 3. Laini ya simu za kidijitali ya E1 (PCM), megabiti 2.048 kwa sekunde, usiijaribu: kila biti ni nanosekunde 488, na sampuli moja huja baada ya biti mbili kupita.

Na mwisho wa DSO138 ni volti 50 za kilele. Umeme wa ukutani wa volti 230 hufika kilele cha 325, kwa hiyo usiupime nayo.