Seti ya Police Academy, filamu zote saba: uzoefu wangu

Nyumbani kwetu Mombasa tunaishi vizazi vitatu chini ya paa moja, na filamu ya kutukalisha sote mbele ya runinga moja ni adimu. Mama yangu hajui Kiingereza. Watoto hawana subira na maongezi marefu. Mke wangu hapendi kuona damu. Ndiyo maana nilinunua seti hii ya DVD. Police Academy, vichekesho vya Kimarekani kuhusu chuo cha polisi, nilikuwa naikumbuka tangu enzi za kanda za video, zile zilizokuwa zikiazimwa nyumba hadi nyumba mpaka picha ikaanza kuruka, na nilitaka kujua kama bado inachekesha au ilikuwa utoto wangu tu. Inachekesha. Tena kuna sehemu zinazochekesha kuliko nilivyozikumbuka. Lakini si filamu zote saba zinastahili muda wako, na ile ya kwanza usiwawekee watoto kabla hujanisoma hadi mwisho.

Kuhusu bidhaa yenyewe sina mengi. Ya kwanza ilitoka 1984, kisha ikawa moja kila mwaka hadi 1989, na ya saba ikaja 1994. Hakuna inayofika dakika 100. Picha ni safi, sauti iko wazi, na sauti katika filamu hizi si jambo dogo, nitaeleza kwa nini. Maandishi ya Kiswahili hayamo. Kitu cha kuangalia kabla hujatoa pesa ni eneo la diski: za Marekani ni eneo la 1, za Ulaya la 2, na sisi Afrika Mashariki tumewekwa eneo la 5. Deki nyingi za madukani kwetu zinacheza maeneo yote, lakini mwombe muuzaji aichezeshe diski mbele yako.

Hadithi ni nyepesi. Meya mpya wa mji ambao hautajwi anaamuru chuo cha polisi kipokee kila anayetaka kujiunga, bila kujali kimo, uzito, jinsia wala elimu. Wakubwa wa chuo wanachukia, lakini amri ni amri, basi wanaamua kuwatesa makurutu mpaka wakimbie wenyewe. Mtayarishaji Paul Maslansky alilipata wazo hili San Francisco, alipokuwa kwenye kazi ya filamu nyingine: aliona kundi la makurutu wasiofanana na polisi hata kidogo, akauliza, akaambiwa wamechukuliwa kwa agizo la meya. Mwongozaji wa filamu ya kwanza alikuwa Hugh Wilson. Ilipigwa Toronto, Kanada, na majengo unayoyaona kama chuo yalikuwa hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili. Gharama yake haikufika dola milioni 5, nayo ikaingiza zaidi ya milioni 80 Marekani peke yake.

Sasa nieleze kinachoifanya iishi, maana hapo ndipo penye utamu.

Kuna jitu linaitwa Hightower. Aliyemcheza ni Bubba Smith, mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, kimo chake mita mbili na ushei. Kabla ya kujiunga na chuo alikuwa muuza maua, na anazungumza kwa sauti ya upole kana kwamba anaogopa kumwamsha mtoto. Kesho yake ana mtihani wa udereva na hajagusa usukani tangu utotoni, hivyo usiku anamwomba mwenzake Mahoney amfundishe. Gari wanalolichukua ni Honda Civic, dogo, la kurutu mwingine asiyejua kama limechukuliwa. Hightower anajaribu kuingia. Mguu unaingia, goti linakataa. Anajaribu upande mwingine, kichwa kinakataa. Kisha, bila hasira na bila neno, anakishika kiti cha mbele, anaking'oa kizima, anakitupa nje, anaketi kiti cha nyuma, ananyoosha miguu na kuushika usukani. Wanaondoka.

Tazama anavyofanya. Hakonyezi macho, hageuzi uso kutuambia kwamba hapa ndipo pa kucheka. Kamera imekaa mbali kiasi cha kuuona mwili wote na gari lote kwa pamoja, na kiti kinang'oka kweli, si mchoro wa kompyuta. Mwanangu wa mwisho aliangua kicheko kabla hata gari halijawaka. Mama naye alicheka, na hakuna aliyemtafsiria kitu.

Halafu kuna Jones. Michael Winslow ana kipaji ambacho hadi leo sijaona wa kumfikia: kwa mdomo wake tu anatoa mlio wa bunduki, king'ora, helikopta, mlango unaolia bawaba, mashine za michezo, redio ya polisi yenye mikwaruzo. Kuanzia filamu ya pili anaongeza kituko cha kuiga zile filamu za kung-fu za Hong Kong zilizotiwa sauti ya Kiingereza: anatikisa midomo kwanza, maneno yanafuata baadaye, na midomo inaendelea kutembea wakati maneno yamekwisha. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukitazama Wachina wakiongea Kiingereza kisichoingiana na midomo na juu yake mtangazaji wa kibanda akitusimulia kwa Kiswahili, kichekesho hiki kilikuwa chetu tangu dakika ya kwanza. Wasimuliaji wenyewe, nakumbuka, walikuwa wakifika kwa Jones wananyamaza. Wangeongeza nini?

Mama alipomwona mara ya kwanza aliuliza, "Huyu kijana amemeza redio?" Tangu hapo akitaka filamu hii anasema, "Mwanangu, hebu tuwekee yule wa redio."

Lakini mhusika aliyenigusa zaidi safari hii ni Hooks, wa Marion Ramsey. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mweusi, mwenye sauti nyembamba isiyosikika hata na anayesimama kando yake. Filamu nzima anaambiwa apaze sauti. Katika mazoezi ya kuendesha gari anamkanyaga kurutu mmoja mguu kwa bahati mbaya, na yule anamtukana tusi la ubaguzi wa rangi. Hightower, yule mpole wa maua, analipindua gari la polisi, yule mbaguzi akiwa ndani. Anafukuzwa chuoni kwa kitendo hicho. Baadaye mjini kunazuka vurugu, na hapo Hooks, ambaye hatujamsikia akipaza sauti hata mara moja, anamwelekezea mhalifu bastola na kumfokea kwa ngurumo ambayo hata sisi ilitushtua. Imesubiriwa tangu mwanzo wa filamu. Watu hudhani vichekesho vya vituko ni kuanguka na kuangushana tu, lakini ukivitazama vizuri kazi kubwa ni kusubiri. Kicheko cha Hooks kimepandwa saa nzima kabla ya kuvunwa.

Na angalia nani anaangukiwa na kicheko. Harris, mkufunzi mwenye fimbo na kiburi, anarushwa kutoka kwenye pikipiki akaishia nyuma ya farasi, nami naona haya kueleza zaidi. Mauser, mkubwa mnafiki wa filamu ya pili, anawekewa gundi mahali pa shampuu, akatoka bafuni mikono imenasa kichwani. Mnene, mfupi, mwoga, mwanamke, mweusi, hawa wanaanza kwa kuchekwa na filamu inamaliza ikicheka pamoja nao. Anayeporomoka ni yule aliyejikweza. Ndiyo sababu naamini filamu za polisi wa vituko hazichakai: sare inampa mtu ukubwa, na kila anayeishi chini ya ukubwa huo, awe abiria kwenye kizuizi cha barabarani au mwenye kibanda anayechungulia kama askari wa kaunti wanakuja, anahitaji kuona sare hiyo ikichafuka matope bila mtu kuumia.

Jambo hili ni la zamani kuliko Police Academy. Studio ya Keystone ya Mack Sennett ilianza 1912 huko California na ikawapa watu wale polisi wanaokimbia kundi zima na kugongana. Mwaka 1922 Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, akafukuzwa na jiji zima la polisi katika filamu fupi ya dakika zisizofika 20, na pale anapolidaka gari linalopita kwa mkono mmoja, likamnyanyua miguu hewani na kutoweka naye, hakuna sauti hata moja, na bado watoto wangu walitaka irudiwe. Kwetu Kenya tumekuwa na Inspekta Mwala wa Citizen TV, na Davis Mwabili anapoingia na ile sare yake na Kiswahili chake cha madoido, mshipa unaoguswa ni huohuo.

Kasoro zipo na nitazisema wazi.

Filamu ya kwanza ilitengenezwa kwa watu wazima. Ina uchi, ina matusi, na ina kisa cha mkuu wa chuo Lassard akitoa hotuba huku jambo la chumbani likiendelea chini ya meza ya kuhutubia. Mimi na mke wangu tuliitazama kwanza peke yetu, kisha tukawawekea watoto vipande tu. Kuanzia ya pili mambo yanapoa, na ya tatu na ya nne ni za familia zaidi. Kuna pia ile baa ya wanaume wa nguo za ngozi inayorudi filamu baada ya filamu, ambayo kichekesho chake chote ni hofu ya kuingia humo. Mara ya kwanza muziki na uso wa anayenaswa vinaibeba. Ikirudi tena na tena inachosha, na kwa macho ya leo ni dhihaka kwa watu ambao hawakumkosea yeyote.

Kisha kuna suala la filamu za mwisho. Steve Guttenberg, aliyemcheza Mahoney, aliondoka baada ya ya nne, na pengo lake halikuzibika. Ya tano, ya Miami Beach, inaokolewa na George Gaynes: Lassard anatekwa na wezi wa almasi, naye anaamini kwa moyo wote kwamba ni zoezi lililoandaliwa kwa heshima yake, basi anawasaidia watekaji kwa bashasha. Ile ni kazi ya mwigizaji mkubwa, na sehemu zake pekee ndizo ninazozirudia. Ya sita haikunigusa. Ya saba waliipiga Moscow kwenyewe, Hightower na Hooks hawamo, na nusu ya muda utakuwa ukitazama saa. Waliocheza katika zote saba ni Gaynes, Winslow na David Graf, yule Tackleberry mpenda bunduki.

Kama mgeni wa filamu hizi akiniuliza aanzie wapi na familia, nitamwambia ya tatu. Vyuo viwili vinashindana, kimoja kitafungwa, na miongoni mwa makurutu wapya yumo Zed, jambazi mwenye sauti ya kukwaruza aliyevuruga duka la taa la Bwana Sweetchuck katika filamu ya pili. Na Sweetchuck, kimtu chenye miwani, amejiunga pia. Wanapangiwa chumba kimoja. Mateso ya Sweetchuck chumbani na Zed yalimfanya mke wangu ashike mbavu, na yeye si mtu wa kucheka ovyo. Mwisho kuna mbio za boti majini zilizopigwa kwa boti za kweli na watu wa kweli wakirushwa majini.

Ukiikuta seti nzima kwa bei iliyo karibu na ya diski nne, ichukue, maana Lassard wa Miami anastahili kuwa nyumbani mwako. Ikiwa bei iko juu sana, tafuta nne za mwanzo moja moja. Na zitazame kwa sauti ya juu, hasa Jones anapofungua mdomo.