Miwani ya kuchajia betri: miezi 7 nikiitumia Kirumba

Nachaji betri za wavuvi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza, hatua chache kutoka mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka sina kazi. Giza likirudi, betri za taa zinaletwa kwa mkokoteni, nyingine zinavuja. Miwani yenyewe ni ile ya mpira inayobana uso pande zote, nimeinunua 15,000.

Kabla yake nilikuwa na ya bei chee, imekaa kama ya jua, wazi ubavuni. Muuzaji aliapa inatosha. Siku moja nafungua vifuniko vya betri iliyokuwa inatokota, tone likapenya pembeni mpaka jichoni. Nilikaa bombani dakika 20 nimezivuta kope kwa vidole, maji yanapita tu, ndipo nikaenda hospitali. Jirani alikuja mbio na magadi soda eti aniwekee, nikamfukuza. Hayo ni ya kumwaga sakafuni, si ya jichoni. Jicho lilikuwa jekundu wiki nzima.

Tatizo tumezoea kusema "maji ya betri", mtu akadhani ni maji kweli. Betri ikijaa chaji, zaidi ya theluthi ya uzito wa maji hayo ni asidi ya salfuriki. Ikikurukia suruali huoni kitu. Ifue uone: matundu kama wavu.

Hii ya mpira ilipata mtihani wake pale kijana wangu alipochomoa kibanio kabla ya kuzima chaja. Cheche ikaruka, na betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, ikapasuka paa! mbele yangu. Nilikimbilia bomba lilelile. Kidevuni nimebaki na kovu dogo, kioo cha miwani kina madoa, macho hayakuguswa.

Kasoro zipo. Mchana wa jua inaingia ukungu, unafanya kazi kama uko ziwani alfajiri. Mkanda umeanza kulegea. Glavu nilizopewa dukani kama zawadi pamoja na miwani hii ni nyembamba za hospitali, zilichanika siku ileile, nikatafuta za mpira mzito zinazofika karibu na kiwiko.

Hata hivyo nimerudi nikanunua ya pili, ya kijana. Anaivaa kipajini; akinisikia nakohoa mlangoni ndipo anaishusha.