Mbaazi za Jumamosi kwa Ba, Kisutu

Kibao cha mgahawa huu msitafute. Zamani kilikuwepo, wanasema, mvua ikakiangusha na hakuna aliyejisumbua kukirudisha. Shuka mwendokasi kituo cha Kisutu, ingia mitaa ya ndani upande wa mahekalu, tafuta ghorofa la zamani lenye vizuizi vya chuma vilivyoliwa na kutu, halafu fuata harufu ya haradali inayopasuka kwenye mafuta. Ukiona bibi wa Kihindi kwenye stuli nyuma ya kabati la vioo, miwani imefungwa uzi, umefika. Kila mtu anamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Mimi humwamkia shikamoo Ba, naye huitikia marahaba bila kuinua macho kwenye daftari la madeni.

Mchana wanauza kitu kimoja tu: sinia la stili lenye vibakuli. Dali nyepesi yenye sukari guru na limau, mboga mbili, wali, chapati nyembamba zinazoletwa mbili mbili zikiwa za moto, kachumbari, achari ya embe, na mtindi uliopigwa na maji, chumvi na bizari nyembamba. Sh 12,000, na kijana anapita na ndoo akikuongezea mpaka ufunike sinia kwa mkono. Nyama hakuna, yai hakuna. Wapo wateja ambao dini yao hairuhusu kitunguu wala saumu. Nao wana sufuria yao pembeni, haichanganywi na nyingine hata kwa bahati mbaya. Hapo hawana mchezo kabisa.

Lakini angalia hizo mboga mbili. Jumanne iliyopita moja ilikuwa dodoki, sawa. Ya pili muhogo wa nazi na pilipili mbuzi. Ya wiki iliyotangulia, mchicha wenye karanga za kutwanga. Sheria ni ya Kachi, kule Gujarati, India; shamba ni la Mkuranga.

Mimi chakula hiki sikukijulia hapa, ingawa nimefanya kazi ya uhasibu Posta miaka mingi na kupita mtaa huu kila siku. Nilikijulia Leicester, Uingereza, nilipokwenda kusoma mwaka 2011. Januari, baridi ya kukata masikio, nimeingia mgahawa mmoja barabara ya Belgrave ili nipate joto tu. Kwenye orodha ya vyakula pameandikwa "mogo". Nikaagiza bila kuuliza. Ukaja muhogo! Wa kukaanga, umepasuka pembeni, pilipili na limau juu, kama wa Coco Beach. Machozi yalinilenga na nikasingizia pilipili.

Mwenye mgahawa alikuwa mzee aliyezaliwa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka huohuo baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwaomba Wahindi wa huko wasije, mji umejaa. Wakaja. Leo Diwali ya barabara hiyo ni ya kutajika. Mzee aliniambia jikoni kwake kisu ni kisu, fagio ni fagio, sufuria ni sufuria, na wajukuu zake wanaapa hayo maneno ni Kigujarati. Mimi sikubishana naye. Sisi nasi tuna duka, gari na bima, na hakuna anayekumbuka tumeyatoa wapi.

Basi nikarudi Dar na hamu ya chakula cha watu ambao nilikuwa jirani yao muda wote.

Sasa mbaazi. Jumamosi asubuhi Ba anauza mbaazi za nazi na maandazi, Sh 5,000. Wao wanaziita bharazi. Mara ya kwanza nilikataa kwa hasira ya kitoto, maana kwetu ni Nachingwea na mama yangu ni mkulima wa mbaazi. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei huku ilianguka vibaya, na nyumbani magunia yakarundikana mpaka chumba cha wageni. Tulikula mbaazi mwaka mzima. Leo nizilipie elfu tano mjini?

Nikazionja. Nazi ya kukuna, tui zito limetiwa mwishoni, pilipili nzima haijapasuka, na juu kuna majani ya mchuzi yaliyokaangwa na haradali. Hayo majani ndiyo ya kwao, na ndiyo yaliyonimaliza. Mbaazi asili yake ni India, zikafika pwani yetu, zikakutana na nazi, Wahindi wakaja wakazikuta zimeshakuwa za Kiswahili, wakaongeza majani yao na kubeba sahani nzima hadi Uingereza. Mama nilipomweleza alisema, "Kwa hiyo mimi ndiyo nilime?"

Ba aliposikia Nachingwea aliweka kalamu chini. Kumbe ni mzaliwa wa Lindi. Baba yake alikuwa na duka, akinunua ufuta na mbaazi kutoka kwetu. Baadaye walihamia Dar, wakanunua nyumba. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majumba ikapita, wenye nyumba wakawa wapangaji wa Msajili wa Majumba. Kaka zake wakaondoka mmoja mmoja. "Mimi baridi siwezi," alisema, akarudi kwenye daftari lake.

Malalamiko ninayo. Chakula cha kubeba wanakifunga kwenye mifuko inayovuja; dali ilinimwagikia ndani ya mkoba pamoja na risiti za robo mwaka. Na kijana wa kaunta anahudumia kwanza anaowajua kwa jina. Huenda ni mazoea tu, huenda si mazoea tu; mimi nilisimama dakika kumi nikiangaliwa kama niliyepotea njia. Siku hizi ananijua, lakini nawaona wengine wakisimama nilipokuwa nasimama, na haipendezi.

Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba Ba hapiki. Macho yamemchoka, ana miaka hajashika mwiko. Anayepika yote, na chapati zote, ni mzee wa Handeni aliyeingia hapo akiwa kijana wa kuosha vyombo. Wanazungumza Kikachi wao wawili, tena kwa kasi, na wakigombana ndiyo kabisa. Siku za Ba kufunga anazijua yeye, yeye ndiye humkumbusha.

Jumamosi ya juzi simu ya Ba iliita, ya picha, mjukuu yuko Wembley, London, anapika bharazi kwa ajili ya wenzake na zimegoma kuwa nzito. Anauliza anatia vikombe vingapi vya tui. Ba akasikiliza kidogo, akaipeleka simu dirisha la jikoni: "Muulize mwenyewe."

"Tui gani unalo?" mzee akauliza.

"La kopo, Mjomba."

Mzee akanyamaza. Akaigeuza simu kuelekea sakafuni, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yamelika kama msumeno wa zamani.

"Unamwona? Humu ndani mbuzi anayeruhusiwa ni huyu peke yake. Mtumie tiketi aje."

Nendeni kabla ya saa nne. Siku hiyo saa nne na nusu sufuria lilikuwa limeshageuzwa.