Siku tano katika nyumba ya wageni Mkomani, Lamu: uzoefu wangu na maswali niliyouliza kabla ya kulipa

Kwa miaka sita nilikuwa mpokezi wa wageni katika hoteli moja ya ufukweni Malindi, na Februari iliyopita, nilipokuwa nimeshaacha kazi hiyo, nilimchukua mama yangu tukaenda kupumzika Lamu kwa siku tano. Tulifikia katika nyumba ya kale ya mawe mtaani Mkomani, ndani kabisa ya Mji wa Kale, ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Tuliridhika sana. Ninaamini kuwa sehemu kubwa ya ridhaa yetu ilitokana na mazungumzo ya simu ya dakika kumi niliyofanya kabla ya kutuma hata shilingi moja, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu nimeona wageni wengi wakilalamikia mambo ambayo wangeliweza kuyauliza mapema.

Nyumba hiyo niliiona kwanza katika tovuti ya kupangia hoteli. Nilisoma maoni ya waliotangulia, kisha nikatafuta nambari ya simu ya nyumba yenyewe na kupiga. Tovuti hizo humkata mwenye nyumba kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15, na kwa mtu mwenye vyumba vitano hicho si kiasi kidogo. Ukimpigia moja kwa moja, ukamweleza kwa adabu kuwa unakusudia kukaa siku kadhaa, ana nafasi ya kukupunguzia bila ya yeye kupata hasara. Bei iliyoandikwa ilikuwa shilingi 5,500 kwa usiku, nasi tulikubaliana 4,500 kwa chumba cha watu wawili pamoja na staftahi. Niliuliza pia kama bei hiyo imejumuisha kodi zote, kwa kuwa katika hoteli kubwa hapa Kenya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zinaweza kuongezwa mwishoni, na chumba ulichodhani ni cha 5,000 kikakutoka 5,900.

Kupunguziwa bei, hata hivyo, si faida kubwa zaidi ya kupiga simu. Nilipokuwa kazini, mimi ndiye niliyekuwa nikiamua nani alale chumba kipi, na uamuzi huo niliufanya asubuhi ya siku ya kuwasili, nikitazama orodha ya majina na maelezo mafupi yaliyoandikwa kando yake. Mgeni aliyekuwa ameandikiwa kwamba ana mzazi mwenye magoti mabovu, au kwamba halali penye kelele, nilimtafutia chumba kinachomfaa kwanza. Asiyekuwa na maelezo yoyote alipata kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa karibu na jiko au jenereta. Hakukuwa na ubaya wowote ndani yake. Hatukuwa tukijua anachohitaji.

Lamu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Malindi, kwa sababu hapo hulali katika jengo lililojengwa liwe hoteli, bali katika nyumba ya watu iliyogeuzwa kuwa ya wageni. Nyumba za mawe za Lamu zina mpango wake: unaingia kupitia daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu, na kutoka hapo vyumba vinafuatana kuelekea ndani, msana wa tini (ukumbi wa chini), kisha msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha ndani, chumba cha mwisho chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Misana kwa asili haikuwa na milango. Ilitengwa kwa mapazia. Baadhi ya nyumba zimeweka milango na nyingine zimeacha pazia, jambo ambalo picha za tovuti hazionyeshi. Kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa: chumba kina mlango unaofungwa kwa ufunguo, au kina pazia? La pili lilikuwa kama choo na bafu vimo ndani ya chumba au vinatumiwa na wote.

Swali la tatu lilihusu ghorofa, na hapa tulijadiliana kwa muda. Ghorofa ya juu hupata upepo, na Februari ni wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, hivyo usiku mtu anaweza kulala bila hata kuwasha feni. Lakini ngazi za nyumba hizi zina vidato virefu na zinapanda wima, nami nilikuwa na mtu wa miaka sabini na mbili. Vyumba vya chini navyo, ijapokuwa kuta nene za mawe ya matumbawe huvipoza mchana, huweza kuwa na giza na unyevu. Msimamizi wa nyumba, niliyezungumza naye kwa simu, alishauri chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha linaloangalia kiwandani, akaahidi kuwa mama akitaka kupanda darini, juu kabisa ya nyumba, atashikwa mkono. Ahadi hiyo aliitimiza kila jioni. Anayekwenda wakati wa maleleji, kaskazi inapokuwa imekwisha na kusi, upepo wa kutoka kusini, haijashika, na mwili wake hauvumilii joto, basi asikubali chumba cha chini kisichokuwa na feni, na aulize pia umeme ukipotea kuna nini.

Kuhusu malipo niliwahi kuumia. Miaka mitatu kabla ya safari hii, katika mji mwingine wa pwani, nilituma amana yote kwenye nambari ya simu ya mtu binafsi, nikafika saa mbili usiku na kukuta chumba changu kimepewa mwingine, na aliyepokea fedha hapokei simu. Tangu hapo hulipa theluthi moja tu, kwa nambari ya malipo ya biashara, na huhakikisha kuwa jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha ni la nyumba ninayoifahamu. Kisha huomba ujumbe wa maandishi wenye tarehe za kuingia na kutoka, jina la chumba, bei na vilivyomo. Ujumbe huo ndio utakaoutoa iwapo siku ya kufika utampata mfanyakazi asiyejua chochote kuhusu makubaliano yenu.

Tulisafiri kwa basi kutoka Malindi, mwendo wa takriban kilomita 220, hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na kutoka hapo tukavuka kwa boti hadi Lamu. Anayekwenda kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda, naye pia lazima avuke maji. Kwenye gati ya Lamu wapo vijana watakaokuambia kuwa nyumba uliyopanga imefungwa au imejaa, na kwamba wao wanayo bora zaidi. Wengi wao wanatafuta riziki tu, lakini mgeni anayefikishwa hotelini na dalali huongezewa kamisheni ya dalali katika bei yake. Tulikuwa tumeomba mapema tupokewe. Msimamizi alikuwa amesimama hapo, akamwamkia mama, “Shikamoo mama, pole kwa safari,” akatwaa mzigo, nasi tukamfuata vichochoroni ambako peke yetu tungepotea.

Chumba kilikuwa safi. Chandarua hakikuwa na tundu, shuka zilibadilishwa kila baada ya siku mbili, na staftahi ilikuwa ya nyumbani hasa: mahamri, mbaazi za nazi, papai, na chai ya tangawizi iliyotengenezwa mama alipoketi, si kabla. Alfajiri adhana za misikiti iliyo jirani zilisikika wazi. Mama alifurahi, kwani zilimwamsha bila saa, lakini mtu anayetaka kulala hadi jua litoke na aelewe kwamba katika Mji wa Kale hakuna chumba kilicho mbali na msikiti, wala na sauti ya punda.

Kasoro zilikuwapo. Intaneti ilifanya kazi darini tu. Kuta zile haziipitishi. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi kidogo, na sabuni ya bafuni ilikwisha siku ya pili bila mtu kuona. Nilimweleza msimamizi siku hiyo hiyo, ikaletwa kabla ya adhuhuri. Katika kazi yangu wageni waliniumiza sana walipokaa kimya siku zote na kuandika malalamiko wakishaondoka, wakati jambo lenyewe lilikuwa la kurekebishwa kwa robo saa.

Kwa anayechagua kati ya mjini na kijiji cha Shela: Shela, umbali wa kilomita tatu hivi, kuna ufuo mrefu na utulivu zaidi, na bei zake kwa kawaida ni za juu. Mjini kuna soko, ngome, vyakula vya bei nafuu na watu wa kuzungumza nao barazani. Mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul-awwal), Maulidi yanapowaleta watu kutoka pwani nzima, vyumba vya mjini huwahiwa mapema mno. Wakati wa masika, hasa Mei, baadhi ya hoteli hufunga, lakini zinazobaki wazi hukubali kupunguza bei zaidi. Ramadhani mikahawa mingi haipiki mchana, kwa hiyo asiyefunga aulize kama nyumba itampikia.

Siku ya kuondoka basi letu lilikuwa la alfajiri, na staftahi huanza saa moja na nusu. Usiku uliotangulia niliuliza kama tunaweza kupata chochote cha kubeba. Saa kumi na nusu, gizani, msimamizi alitusindikiza hadi kwenye boti akiwa na tochi mkono mmoja na mfuko wa mahamri ya moto mkono wa pili, akamshika mama mpaka akaketi.