Raba za Mama Mkubwa: Uzoefu Wangu wa Safari ya Ngosi na Mbeya Mjini

Nimelikalia jambo hili kwa wiki kadhaa nikitumaini kwamba hasira ingepoa. Haikupoa, na sasa naona ni afadhali niliandike kama lilivyotokea, ili mtu anayepanga kumpeleka mzazi wake Mbeya ajue. Nazungumzia safari ya siku mbili tuliyoilipia kwa mwandaaji mmoja wa safari za ndani wakati wa kipupwe, shule zilipokuwa zimefungwa: asubuhi Ziwa Ngosi, alasiri manunuzi katika soko la Mwanjelwa, jioni chakula katika mgahawa wa mjini, na kesho yake Daraja la Mungu kabla ya kurudi Iringa. Bei siiandiki, wala aina ya gari, kwa kuwa hayo yeyote anaweza kuyauliza. Ninaandika habari za jozi moja ya raba.

Raba hizo ni za mama mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, amelima mahindi na viazi Kilolo tangu akiwa msichana, na hajawahi kupanda gari kwenda mahali kwa ajili ya kutazama tu. Nilitaka aone. Kwanza nilifikiria Kitulo, ile hifadhi ya maua, lakini maua ya Kitulo ni ya majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na kwenda kule wakati wa kipupwe ni kukutana na nyasi na baridi. Ndiyo maana nikachagua Ngosi, ambayo haingoji msimu.

Kuhusu Ngosi yenyewe sina lalamiko hata moja, na nalisema hilo mapema kwa sababu najua nitakapofika kwenye habari ya mgahawa nitaonekana nachukia kila kitu. Tuliiacha barabara ya Tukuyu pale Isongole, tukapita kwenye mashamba ya viazi mpaka ukingo wa msitu, tukiongozwa na kijana wa pale pale kijijini. Msitu ule wa Uporoto haukauki hata kiangazi. Ukungu hukaa juu ya mianzi, matone yanadondoka kwenye shingo ya mtu, na njia ni udongo mweusi wa volkano unaoganda kwenye kiatu kama ugali wa moto unavyoganda kwenye mwiko. Sehemu ya mwisho hupandwa kwa kushika mizizi kwa mikono miwili. Mama mkubwa, akiwa amejifunga kanga juu ya sketi yake, alitupita sote, pamoja na mume na mke waliotoka Dar es Salaam ambao tulikuwa nao kwenye gari moja, na mara mbili alisimama kutusubiri bila kuhema.

Tulipotokea juu hatukuona chochote, kwa maana ukungu ulikuwa umejaza shimo lote. Tukakaa kama nusu saa tukila mayai ya kuchemsha. Kisha ukungu ukaanza kufunguka kutoka upande mmoja, polepole, na ziwa likaonekana chini kabisa, rangi yake ya kijani kama iliyochanganywa na maziwa, likiwa limezungukwa na kuta za msitu pande zote bila hata mto mmoja unaotoka. Yule kijana alitueleza kwamba pale palikuwa na mlima wa volkano ambao kilele chake kilididimia, maji yakajaa ndani, na kwamba wazee wa Kisafwa wanaliheshimu sana ziwa hilo na maji yake huchotwa kwa ajili ya dawa. Mama mkubwa alinyamaza kwa muda mrefu. Baadaye akainamisha kichwa kidogo na kuliamkia ziwa kwa Kihehe, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemkuta mkubwa wake amekaa: "Kamwene."

Kwa dakika ile moja ningelipa mara mbili ya nilicholipa.

Tulishuka tukiwa na tope hadi magotini. Kijana wetu akasema, "Subirini kidogo, nyumbani kwetu kuna bomba, mnawe miguu na viatu." Kabla hatujamjibu, dereva akapiga honi na kutuambia tuingie haraka, kwamba tutakuta Mwanjelwa wamefunga. Ilikuwa haijafika hata saa tisa. Mama mkubwa, ambaye hapendi kumchelewesha mtu, alivunja kijiti akakwangua soli, akafuta juu ya viatu kwa pindo la kanga yake, akaingia garini. Ninaomba msomaji aikumbuke honi hiyo, kwa sababu yote yaliyofuata yalianzia pale.

Mwanjelwa haikuwa imefungwa, na haikuwa hata na dalili ya kufunga. Soko la zamani liliungua mwaka 2006 na hili la sasa ni jengo jipya la ghorofa, lakini mimi napenda zaidi pembezoni mwake, kwenye mitumba, vitenge na mafungu ya maparachichi ya Rungwe. Mama mmoja muuza vitenge alitutazama miguuni akacheka kwa upole: "Mmetoka Ngosi nyie! Poleni na mlima." Akamsogezea mama mkubwa kigoda, akamwamkia, wakaanza kubishana bei huku wamekaa, na ubishi huo ulichukua muda mrefu kwa sababu wote wawili waliufurahia. Tulitoka na vitenge viwili na sweta zito. Hakuna aliyetuona wachafu. Viatu vya mitumba vilikuwa vimepangwa hatua chache kutoka tulipokaa, na laiti ningejua kinachotungoja, ningemnunulia jozi pale pale.

Giza lilikuwa limeingia tulipofika kwenye mgahawa, na baridi ya Mbeya mnaijua. Sakafu ni ya vigae vyeupe, taa zinang'aa, mlangoni amesimama msimamizi, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Mume na mke wa Dar es Salaam walitangulia, yeye akawakaribisha na kuwavutia viti. Sisi tulipofika kizingitini akanyoosha mkono kuzuia njia, akatazama miguu ya mama mkubwa, kisha kanga, na kusema, "Nyie wenye tope, huku hapana. Nje kuna meza." Hakutoa shikamoo wala karibu. Katika mji huo huo ambao watoto walikuwa wametuamkia njiani tangu asubuhi, mtu mzima mwenye kazi yake alimzuia mwanamke wa miaka sitini na tisa kwa mkono, kama anayezuia kuku asiingie jikoni.

Mama mkubwa hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alishika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akainama, akalegeza kamba, akavua raba moja na kisha ya pili, akazikumbatia kifuani juu ya sweta jipya. Akasimama kwenye vigae vile vya baridi akiwa na soksi za kijivu, ya kulia imetoboka, kidole gumba kikiwa nje. Akauliza kwa adabu, "Na sasa, baba, naweza kupita?"

Kijana akajibu, "Mama, nimeshasema nje."

Nilitazama ndani. Chini ya meza ya wale wenzetu, kwenye vigae vyeupe, palikuwa na nyayo nne za udongo mweusi wa Ngosi. Lilikuwa tope lile lile, la njia ile ile, lililosafiri katika gari lile lile. Tofauti ni kwamba wao walivaa buti za mlimani za bei kubwa na makoti ya mvua, na sisi tulivaa kanga. Nilimwonyesha msimamizi kwa kidole, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyokusudia. Alisema kwamba wale ni wageni. Nikamuuliza sisi ni nani. Hakujibu.

Tulikaa nje, kwenye meza ya plastiki karibu na jenereta. Baada ya muda mfupi yule mama wa Dar es Salaam alitoka akiwa ameshika sahani yake, akavuta kiti, akakaa karibu na mama mkubwa, na mumewe akamfuata. Hawakutoa hotuba yoyote. Waliomba tu pilipili.

Sasa haki inanilazimisha kusema jambo ambalo nisingependa kulisema: chakula kilikuwa kizuri. Wali ulikuwa wa mchele wa Kyela, na harufu yake ilitufikia kabla ya sahani, na samaki mbasa wa Ziwa Nyasa alikuwa amekaangwa kwa nje tu, ndani laini, bila kuzamishwa kwenye mafuta. Mpishi, mwanamke mtu mzima, alikuja mwenyewe akiwa na bakuli la maji ya moto ya kunawa, akampigia goti mama mkubwa, akasema shikamoo na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Ningekuwa namhukumu mpishi peke yake, ningeandika maneno mengine kabisa.

Usiku ule ule nilimpigia simu mwandaaji. Akaniambia, "Pole dada, huo ni utaratibu wa mgahawa." Kwa kweli hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa yule kijana kwenda kwake. Yeye ndiye anayeuza mlima wenye tope asubuhi na vigae vyeupe jioni, katika siku moja, akijua fika kwamba katikati hakuna mahali pa kunawa wala kubadili nguo. Angehitaji dakika ishirini pale bombani Isongole, ndoo na brashi. Dereva wake alizinyima kwa honi.

Siku ya pili sitaieleza sana. Daraja la Mungu lipo kama linavyosifiwa, mwamba wa volkano uliojipinda juu ya Mto Kiwira, na pale Kijungu, kwenye mto huo huo, maji yanaingia kwenye shimo la jiwe kwa kishindo, lakini mimi nilitembea nikiwa nimenuna na sikuona hata nusu yake. Hiyo nayo naihesabu katika hasara.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Nimelifuta neno hilo, kwa sababu kijana wa Isongole, mama wa vitenge na yule mpishi hawastahili kukosa wageni kwa ajili ya mtu mmoja mlangoni. Nendeni, lakini pandeni wenyewe mpaka Isongole, mtafute kiongozi wa pale kijijini, na mbebe viatu vya kubadili. Mwandaaji huyu simpendekezi. Wiki iliyopita alinipigia akitaka kunirudishia sehemu ya fedha, nami nikamwambia sihitaji fedha. Ninachotaka ni yule kijana apige simu Kilolo, aseme shikamoo, na aombe radhi. Akaahidi kumwambia. Simu haijapigwa.

Mama mkubwa mwenyewe ameshazifua raba, na anauliza tutarudi lini ziwani. Amesema safari hii chakula atapika yeye, tutabeba kwenye hotpoti, na tutakula kwa kijana wetu, pale penye bomba.