Nilipimisha umri wa damu yangu hapa Bukavu

Mama yetu alitutoka na miaka 59, ju ya moyo. Njo maana niliposikia kuko labo hapa Ibanda inapimaka damu na kukwambia mwili wako uko na miaka ngapi kweli, sikungoja, niko na miaka 46 na mtoto wa mwisho bado iko primere. Nikalipa dola 45, nikaenda asubuhi bila kula, wakatosha vichupa viwili.

Vipimo ni 9 na vingi tunavijua: albumini, kreatinini, sukari, CRP ile inapandaka wakati mwili unapigana na ugonjwa, fosfataze alkalini, zingine zinatokaka mu NFS, ile ya kuhesabu globili za damu: globili nyeupe, asilimia ya lenfosite, ukubwa wa globili nyekundu, na RDW ile inaonyesha kama globili nyekundu zinapishana sana ukubwa. Wanatia na miaka yako. Hesabu yenyewe ilitoka 2018 kwa Morgan Levine na wenzake, walichukua damu ya watu wazima wa Marekani iliyopimwa 1988 mpaka 1994, wakaangalia nani alikufa nani angali.

Yangu ikatoka 60! Na chini wameandika "umebakiza miaka 15". Nilirudi nyumbani nalia, usiku mzima nahesabu mtoto atakuwa amefika wapi.

Yaya yangu ni enfirmiye, alisoma karatasi akauliza kitu kimoja tu, malaria ulimaliza lini? Nilikuwa nimemeza kidonge cha mwisho jana ya kutosha damu. CRP ilikuwa 74, na malaria inaipandishaka sana, hesabu haijue kama ni homa ya wiki hii ao ugonjwa wa miaka, inasoma tu ile inakuta. Tena waliitia vibaya, labo inatoa mg/l na hesabu inataka mg/dl, ile kosa peke yake inakuzeesha karibu miaka 2 na nusu. Hapo nilikasirika kweli, ju mtu mwingine hana yaya enfirmiye.

Nikarudilia nyuma ya miezi mitatu, malaria imeisha na nimekunywa vidonge vya feri juu damu ilikuwa kidogo. CRP 2, RDW ilitoka 14,6 ikafika 13,7, na mu hii hesabu RDW inavutaka sana, pointi moja ni zaidi ya miaka 3 na nusu. Matokeo 48.

Ile ya miaka iliyobaki musiishike. Hesabu inasema kati ya watu wengi wa umri moja, wale damu yao inaonekana mzee walikufa mingi mbele ya wenzao, ya kwako wewe peke yako haiwezi kuijua. Kile kilinisaidia ni sukari, 1,14 g/l asubuhi bila kula, imepanda kidogo, mara zote mbili, na sikuwa nasikia kitu yoyote. Sasa docta anaifuata, nimepunguza fanta na fufu ya usiku.

Niliwaomba labo watoshe ule mstari wa chini na waulize kila mtu kama aliugua mwezi ule. Waliandika mu kaye yao, nitapita tena mwezi wa kumi na mbili kuangalia.