Gerezani, pale Dar, kuna fundi wa betri anapima kwanza ndo anaongea

Wadau wenye boti hii ni ya kwenu, na hata wenye sola nyumbani someni tu maana betri ni zile zile. Mi nina boti ya faiba pale Kunduchi, napeleka wageni kisiwa cha Mbudya, na ndani kuna friji dogo, taa, redio na pampu ya kufua maji ya ngama, yale yanayojaa chini ndani ya boti. Vyote vinakula betri mbili za maji za diipu saiko, yaani za kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, volti 12, Ah 100 (ampia kwa saa, ndo ujazo wake) kila moja, zimefungwa pamoja. Nlizinunua mpya, baada ya miezi minane zikaanza kunizingua, asubuhi zimejaa saa nane mchana friji limezima, soda za moto na mgeni kashalipa hela yake.

Duka la kwanza nlilopeleka silitaji. Jamaa kachomeka mita sekunde mbili kasema zimekufa zote, lete hela, akanitolea mpya zenye stika ya diipu saiko. Nikanyanyua moja nikashangaa wepesi wake, maana ya kwangu ya ukubwa ule ule inakaribia kilo 30, afu pembeni imeandikwa ampia za kuwashia injini tu, Ah hamna. Betri ya kuwashia ina pleti (vibao vya risasi vya ndani) nyembamba nyingi, inatoa nguvu kubwa kwa mara moja basi, ukiipa kazi ya kuendesha friji kutwa nzima haikai. Nikabeba zangu nikaondoka.

Nahodha mwenzangu ndo akanielekeza kwa huyu mzee wa Gerezani, kibanda kidogo tu, chaja zimepangwa ukutani, harufu ya asidi unaipata tangu nje. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza, we kijana wangu hizi unazichajije? Nikamwambia nawasha jenereta jioni, chaja ikifika volti 14.4 natoa, kama masaa matatu manne hivi. Akatikisa kichwa, hakusema kitu, akaanza kufungua vifuniko.

Hapa ndo nlimuelewa. Ana haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ukilinganisha na maji, ile ya kioo yenye mpira juu, anaichovya seli moja moja, yaani kila chumba cha betri, anavuta asidi mpaka kile kielea kinasimama, anainua usawa wa jicho, anasoma, anaandika kwa chaki juu ya betri. Seli sita, namba sita. Betri ya kwanza zote zilikuwa 1.18 na 1.19. Ya pili tano ni 1.22, moja 1.10. Akaniambia hii ya kwanza seli zote zimelala pamoja, haijafa, ina njaa. Hii nyingine ina seli moja imekufa kabisa, hiyo usinipe niichaji, hela yako itapotea bure. Seli iliyojaa inatakiwa isome kama 1.265, na moja ikiachana na wenzake zaidi ya 0.05 ujue imeshaondoka.

Kumbe kosa lilikuwa langu kwenye kuchaji. Chaja kufika 14.4 sio kwamba betri imejaa, hapo imefika kama asilimia 80 tu, zile 20 za mwisho zinaingia polepole, volti imesimama pale pale huku ampia zinashuka, na hiyo inataka masaa mengine manne au zaidi. Mi kila siku nlikuwa nakatisha hapo. Kinachobaki kinaganda kwenye pleti kama chumvi nyeupe na kikikaa muda mrefu kinakuwa kigumu hakitoki tena. Ukichanganya na kulala betri tupu mpaka kesho yake, ndo miezi minane hiyo.

Ile ya kwanza akaichaji usiku kucha kwa ampia 10, yaani sehemu ya kumi ya Ah zake, asubuhi akaipandisha volti mpaka zaidi ya 15 kwa masaa machache huku anaangalia asidi ikichemka na kupima joto la betri kila mara. Msijaribu hii kwenye betri za jeli au zile zilizozibwa, ni kwa za maji tu, na hapo hakuna sigara wala cheche maana inatoa hidrojeni. Nlivyorudi seli zote 1.25 mpaka 1.26, na baada ya kupumzika kutwa bila kufungwa kitu mita ikasoma 12.7. Akasisitiza sana hilo la kupumzika, ukipima dakika tano baada ya kutoa chaja namba inakudanganya.

Maji pia alinikuta nakosea. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki, kwa hiyo unaongeza maji ya betri tu, sio asidi na sio maji ya kunywa ya chupa maana yana madini. Na unaongeza baada ya kuchaji, ukiongeza kabla yanapanda yanamwagika, labda ukute pleti ziko wazi ndo unafunika kidogo kwanza.

Afu joto la hapa kwetu. Chaja nyingi zimepimiwa digrii 25, boksi langu liko chini ya kiti kwenye jua, kwa hiyo kila digrii ikizidi mzee anashusha volti ya kuchaji kama 0.03, digrii 35 unatoa 0.3 nzima. Betri inayokaa moto digrii 10 zaidi umri wake unakaribia kukatika nusu. Nimetoboa boksi kwa juu gesi ipate pa kutokea, vichwa nimevisugua kwa magadi na maji nikapaka grisi, ile chumvi ya bahari ilikuwa imeshavila.

Alinikataza pia kufunga betri mpya pamoja na hii ya zamani, ya zamani inaivuta mpya chini. Kwa hiyo mpya nlinunua moja tu, hiyo ndo ya friji, ya zamani inabeba taa na pampu. Yeye hauzi betri, na nadhani ndo maana hana haraka ya kukwambia imekufa.

Mabaya yapo. Simu hapokei akiwa kazini, foleni ndefu, gari huna pa kuliweka, mi nlilazimika kukodi guta mpaka barabarani. Ukimpelekea saa sita mchana jua kazi yako ni ya kesho kutwa, nenda asubuhi kabla ya saa tatu. Kupima bila kuchaji hakunidai hata mia.

Sasa ni mwezi wa nne tangu nitoke kwake. Nachaji usiku mzima kwa umeme wa nyumbani, sishuki chini ya 12.2 ambayo ni kama nusu ya betri, na Jumamosi iliyopita tumerudi kutoka Mbudya saa kumi na moja jioni friji bado linaunguruma.